Mtoto Amerudi? Mma Ramotswe Akitazamwa Kilambo

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Kilambo na laptopu, vitabu viwili vya nadharia na flashi yenye vipindi vyote 7 vya The No. 1 Ladies' Detective Agency. Tasnifu yangu ya umahiri inahusu mpelelezi katika riwaya ya Kiswahili, na nilitaka kulinganisha na tamthilia moja ya televisheni iliyopigwa Afrika. Nia yangu ilikuwa kutazama usiku, peke yangu, na daftari pembeni.

Kwetu hakuna anayetazama kitu peke yake. Usiku wa pili ua wa mama mdogo ulikuwa umejaa. Walikuja vijana wa bodaboda, wabeba mizigo wa kivukoni, mama muuza samaki na watoto na mikeka yao. Jirani mmoja alileta sabufa. Mazungumzo ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilikaa pembeni ya kioo nikafasiri kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya Lufufu kwenye kanda za video. Hivyo ndivyo nilivyopata wahakiki ambao chuo hakikunipa.

Kwa asiyeijua: tamthilia hii inatokana na vitabu vya Alexander McCall Smith, cha kwanza kikiwa cha mwaka 1998. Kipindi cha kwanza, kirefu kama filamu, kiliongozwa na Anthony Minghella, na BBC ilikirusha Machi 2008, siku chache baada ya yeye kufariki. Vingine 6 vilifuata mwaka 2009, kisha basi. Precious Ramotswe, anayeigizwa na Jill Scott, anauza ng'ombe alioachiwa na baba yake na kufungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone. Si polisi, wala hana bunduki. Ana gari dogo, chai, na subira ya kumsikiliza mtu mpaka aseme lile ambalo hakukusudia kulisema.

Maoni ya kwanza yalikuwa ya hesabu. "Kauza ng'ombe wa marehemu ili akae anauliza watu maswali? Si angenunua pikipiki mbili?" Karani wake, Grace Makutsi, alipojigamba kwa asilimia 97 alizopata chuo cha ukarani, mama mdogo alinigeukia: "Haya, huyo mwenzio. Ana 97 na anahangaikia ajira." Ua mzima ulicheka, nami nikacheka. Aliyependwa kuliko wote alikuwa fundi magari J.L.B. Matekoni. Niliposema kwamba mwigizaji wake, Lucian Msamati, wazazi wake ni Watanzania, kijana mmoja alisema alishajua: "Anavyotengeneza gari na hadai hela, huyo ni wa kwetu."

Nilikuwa nimekuja na hukumu yangu tayari. Wahakiki wengi wamelalamika kwamba Botswana ya McCall Smith imetiwa sukari, jua ni zuri mno na watu ni wapole mno. Nilitegemea watazamaji wangu waniunge mkono. Mambo yalikuwa tofauti.

Katika kipindi cha kwanza kuna kesi ya mtoto wa kiume aliyepotea. Inahofiwa kwamba amechukuliwa kwa ajili ya dawa za kishirikina. Kesi hiyo haiendi moja kwa moja. Inakatizwa na nyingine, kama ya mume mzinzi na ya mtu anayejidai kuwa baba wa mtu. Mimi niliandika daftarini: "mpangilio wa kesi sambamba, toni inabadilika vizuri." Uani watu walianza kunung'unika. Kila tulipopelekwa kwa mume mzinzi, mtu aliuliza, "Na yule mtoto?"

Kati ya waliokuwapo alikuwa mama mmoja wa ng'ambo. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, yeye alifanikiwa kuvuka Ruvuma. Mwanawe wa kiume hakuonekana tena. Sisi wa Kilambo tunaijua habari hii na hatuisemi mbele yake. Ilipofika kesi ya mtoto, sauti yangu ilipungua, na sentensi kadhaa nilizifupisha. Akaniambia kwa upole, "Usiruke, mwanangu. Sema kama wanavyosema wao."

Nikasema kama wanavyosema. Baadaye, picha ikiwa bado inaendelea, aliuliza swali moja: "Yule baba, usiku alikuwa analalaje?"

Sikuwa na jibu, na nadharia yangu haikuwa nalo pia. Tzvetan Todorov, ambaye kila mwanafunzi wa riwaya ya upelelezi humsoma, anasema riwaya hii hubeba hadithi mbili: ya uhalifu, ambayo imeshapita, na ya uchunguzi, ambayo tunaifuata. Sura nzima ya tasnifu yangu imesimama juu ya maneno hayo. Swali la mama huyu linaonyesha kwamba kuna hadithi ya tatu, ya wanaosubiri. Uhalifu umewapata, na uchunguzi unaendelea mahali wasipopaona. Wao wanapika, wanafunga mlango usiku, na hawaufungi kwa komeo.

Nilirudi kwenye vitabu vyetu na jicho hilo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana kiko chake na akili ya kufumbua fumbo hatua kwa hatua. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye anajitegemea, lakini anakwenda mbio na hatari ni nyingi. Nawapenda wote wawili. Lakini nikiuliza nani anasubiri katika kurasa hizo na anasubirije, napata kidogo sana. Furaha tunayopewa ni ya kujua nani kafanya.

Uani kwetu swali la nani kafanya liliulizwa mara chache. Mpakani watu wengi wanajua, au wanadhani wanajua, nani kafanya nini. Wanachokosa ni mtu wa kuwatafutia waliopotea: mtu anayefungua ofisi, anaweka kiti, na kusema niambie jina lake na alivaa nini. Ndiyo maana hakuna aliyelalamikia sukari ya Mma Ramotswe. Upole wake haukuwafanya waone kwamba dunia imepambwa. Waliuona kama kazi, na wengine waliuliza bei yake.

Kwa hiyo hukumu yangu imebadilika. Kosa la kipindi hiki haliko kwenye utamu. Kosa ni haraka. Minghella amejaza kesi nyingi katika muda wa filamu moja, na ile iliyo nzito kuliko zote inapata nafasi ya kuhadithiwa kama zile nyepesi. Mtoto anapatikana hai, nasi tunafurahi kabla hatujaonyeshwa vya kutosha kile kilichokuwa kinamalizwa na kurudi kwake. Nguvu ya kipindi iko mahali hapo hapo. Kinathubutu kumrudisha mtoto, jambo ambalo watunzi wengi wa leo wangeliona ni la kitoto.

Mtoto aliporudi kwao, uani palikuwa kimya. Kisha mama wa ng'ambo akasema, "Hawarudi hivyo." Hakuna aliyembishia. Nikanyoosha mkono nizime. Akasema, "Hapana. Rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. Alitazama, akaomba tena. Mara ya tatu betri ya laptopu ilikata.

Nimefikiria sana maoni yake hayo mawili, kwa sababu sioni kwamba yanapingana. Alijua ni uongo, na alitaka kuuona tena. Katika daftari langu, chini ya maneno "toni inabadilika vizuri", nimeandika swali lake kuhusu usingizi wa yule baba. Sura ya pili naiandika upya kuanzia hapo.

Kesho yake jioni mikeka ilitandikwa mapema. Yeye alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na kioo, akauliza kama kipindi cha leo kina mtu aliyepotea.