Jirani na Shairi la Mwenziwe: Riwaya ya Pale Fire ya Vladimir Nabokov

Pale Fire, iliyotolewa mwaka 1962, ni riwaya iliyovaa vazi la kitabu cha kitaalamu: ina dibaji, shairi la mistari 999, maelezo marefu na faharasa. Mtunzi wa shairi, John Shade, ameuawa. Mhariri ni jirani yake, Charles Kinbote, na kila ajualo msomaji limepita mkononi mwake.

Shade aliandika juu ya maisha yake, mauti, na binti yake Hazel aliyejiua majini. Kinbote alitaka jingine. Alikuwa amemsimulia mshairi habari za nchi ya Zembla na mfalme wake mkimbizi, akawa akichungulia madirisha yake apate kujua kama zinaandikwa. Alipozikosa katika shairi alizitia katika maelezo. Neno dogo la Shade huwa mlango wa kurasa nyingi za Zembla. Bali usiku wa kifo cha Hazel, Kinbote auona umesimuliwa kwa urefu mno.

Tena adai kwamba muuaji alimwinda yeye, mfalme aliyejificha. Lakini katika maneno yake mwenyewe ukweli wamponyoka: muuaji alikuwa mwendawazimu aliyemdhania Shade kuwa ni hakimu, mwenye nyumba aliyoipanga Kinbote.

Kosa lake kubwa la kitaalamu lahusu jina la shairi. Asili yake imo katika Timon of Athens ya Shakespeare, naye anayo tamthilia hiyo, ila kwa lugha ya Zembla. Aifasiri sehemu yenyewe kwa Kiingereza, na maneno yale mawili yapotea katika tafsiri; asili ya jina i mbele ya macho yake wala haioni.

Yaweza kusemwa kwamba mikasa ya Zembla huchosha mahali pengine. Hata hivyo Kinbote si wa kuchekwa tu. Ni mpweke mno, na shairi alipendalo kwa namna potovu halifiki kwa msomaji ila kwa yeye. Hapo ndipo kitabu kinapotisha, hasa kwa wahariri wa tenzi za kale, walazimikao kuamua neno katika herufi za Kiarabu zisizopambanua sauti zote za Kiswahili. Wao pia huandika chini ya kazi ya marehemu asiyeweza kujibu. Kinbote hakubadili shairi kwa chuki. Aliamini kwamba alitumikia. Ndiyo sababu kitabu hiki chafaa kusomwa na kila ashikaye kalamu kueleza utungo wa mwingine.