Singe Pembeni mwa Bamba

Katika bamba la 26 la mfululizo wa Los Desastres de la Guerra (Maafa ya Vita), mchoraji Mhispania Francisco Goya hakuchora muuaji hata mmoja. Wanaume kwa wanawake wamepiga magoti gizani. Mmoja amefumbata mikono akiomba ahurumiwe. Upande wa kulia, ukingoni kabisa mwa picha, zinachungulia singe za bunduki. Basi. Wanajeshi wenyewe wamebaki nje. Goya akaandika chini yake kwamba jambo hili halitazamiki.

Alipochora kwa rangi mauaji ya Mei 3, 1808 mjini Madrid, mwaka 1814, kikosi cha Wafaransa alikionyesha chote, kimegeuza mgongo. Turubai kubwa linawatosha. Bamba la shaba lina nafasi ndogo, na kila kinachopunguzwa huongeza uzito wa kinachobaki. Ndiyo maana katika karne ya 19, mifupa yenye mundu, sura ya kifo iliyozoeleka Ulaya tangu zamani, haikuwa tena njia pekee wala njia kali kuliko zote.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Bamba la shaba nyekundu hupakwa tabaka jembamba la nta. Mchoraji huikwangua kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha hulitumbukiza bamba katika asidi. Penye mkwaruzo asidi hula, penye nta haigusi. Likitolewa mapema, mistari huwa laini. Likiachwa, huwa mifereji inayobeba wino mwingi. Kwa hiyo anaweza kulitoa, akaziba kwa vanishi mistari iliyotosha, akalirudisha ili mingine izidi kuliwa. Giza lililotanda hupatikana kwa akwatinta: unga wa utomvu mkavu hunyunyizwa juu ya shaba na kupashwa moto ugandie, na asidi hupenya katikati ya chembe zake.

Weupe ndio usiochorwa. Ni karatasi iliyoachwa.

Hapo ndipo Goya alipokuwa hodari. Katika bamba la 26, giza limewazunguka wahanga mithili ya pango, na mwanga wote umewaangukia wao. Jicho linawaona kwanza, ndipo linapogundua singe, likiwa limekwisha kuchelewa. Katika bamba la 15 midomo ya bunduki inaingia vilevile kutoka kulia, ikimwelekea mtu aliyefungwa nguzoni na kuzibwa macho, huku maiti ikiwa imelala chini. Vita vya Wahispania na Wafaransa vilimbana hata mchoraji kwa vifaa: aliyakata nusu kwa nusu mabamba mawili aliyokuwa amechorea mandhari, akachora ukatili wa vita kwenye migongo yake. Ilipoingia njaa ya Madrid ya 1811 na 1812, inayokadiriwa kuua watu 20,000, singe zilitoweka kabisa. Mkokoteni wa maiti ulitosha.

Mabamba hayo 80 hayakuchapishwa Goya akiwa hai. Alifariki Bordeaux mwaka 1828, na Chuo cha Kifalme cha San Fernando kikayatoa mwaka 1863.

Katikati ya kipindi hicho, mjini Paris, mchoraji Charles Meryon alitoa chapa ya La Morgue (Nyumba ya Maiti), 1854. Alikuwa ofisa wa zamani wa jeshi la majini, tena hakuweza kutofautisha rangi vizuri. Sanaa ya wino mweusi ilimfaa. Maiti iliyoopolewa Mto Seine ni ndogo mno ndani ya picha. Kikubwa ni kuta, moshi mweusi wa mabomba, na watu waliojipanga juu ya ukingo kutazama.

Mchoraji James Ensor wa Ostend, Ubelgiji, alichagua njia nyingine: kufuta. Shaba inaweza kukwanguliwa na kusuguliwa mpaka mfereji uishe, kisha ichorwe upya. Mwaka 1889 alijichora kwa kufuata picha yake ya kamera, akiwa na uso wa kawaida, halafu akaurudia uso huo palepale kwenye bamba mpaka ukawa fuvu. Nguo na mkao vilibaki. Chapa za hatua za mwanzo zikiwekwa kando ya zile za mwisho, mtu yuleyule amekufa bila kusogea. Mwaka mmoja kabla alikuwa amejichora kama atakavyokuwa mwaka 1960, akitimiza miaka 100: mifupa imejilaza. Alifariki mwaka 1949, kwa hiyo hesabu hiyo haikumwangusha.

Lakini hila zote hizi zinategemea anayepangusa wino. Baada ya kupakwa, bamba hufutwa ili wino ubaki ndani ya mifereji tu. Wachapaji wa 1863 waliacha utando wa wino juu ya mabamba ya Goya, labda kwa kuwa ulipendeza, na utando huo ukafifisha weupe aliouhifadhi. Wahanga wakazama katika kijivu pamoja na kila kitu. Anayetaka kuona tofauti na aangalie chapa za majaribio ambazo Goya mwenyewe alimpa rafiki yake Ceán Bermúdez, ambazo sasa zimo British Museum, London. Humo karatasi bado ni nyeupe.