Namna ya Kununua Shokapu na Breki Zilizokwisha Tumika

Pikipiki itokayo Lango la Marangu, lililo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hushuka takriban mita 1,000 kabla ya kufika mjini Moshi. Na ikiwa chombo, dereva, abiria na mikungu ya ndizi iendayo Soko la Mbuyuni vina uzito wa kilo 250 kwa jumla, nishati ya mteremko huo ingetosha kuchemsha lita 7 za maji baridi. Sehemu yake humezwa na upepo na injini iliyotiwa gia ndogo, lakini iliyosalia haina pa kwenda ila katika breki, ambazo huigeuza kuwa joto. Kwa hiyo mnunuzi wa spea za mtumba katika miteremko ya Kilimanjaro yampasa hadhari kuliko mwenziwe wa nchi tambarare, na hadhari hiyo ina kanuni: chuma chaweza kununuliwa baada ya kupimwa, bali kilicho cha kusugua na kilicho cha mpira kisinunuliwe kikiwa kimetumika, hata kikitolewa bure.

Katika shokapu ya mbele, springi hubeba uzito, oili ipenyayo katika matundu membamba huituliza springi isirukeruke, na sili ya mpira huizuia oili isitoke. Fundi mwenye maarifa hupitisha ukucha wa kidole gumba polepole juu ya bomba la kromu, hasa pale sili inapopita kila siku. Ukucha ukikwama katika kitundu cha kutu, yakini bomba hilo litaikata hata sili mpya, na oili itavuja tena. Kisha huliviringisha bomba juu ya kioo kilicholala sawasawa, akitazama mwanga ulio chini yake: mwanga ukipanuka na kufinyika, bomba limepinda, na aghalabu limetoka katika ajali.

Shokapu za nyuma hupimwa vyema kabla hazijafunguliwa kwenye pikipiki. Kiti kikikandamizwa kwa nguvu na kuachiwa, shokapu nzima hurudi taratibu na kutulia, ilhali iliyoishiwa oili hurusha kiti juu na kukichezesha. Na kwa kuwa shokapu nyingi za nyuma zimezibwa kiwandani, zikishavuja hazina tiba.

Kwa upande wa breki, ngoma nyingi za bodaboda zina kipenyo cha ndani cha milimita 110 au 130, na kikomo cha kulika kwake huandikwa katika chuma chenyewe: ile ya 110, kwa kawaida, hukoma kwenye 111. Na ipimwe kwa venia mahali pawili panapokingamana, maana vipimo viwili vikihitilafiana, ngoma haina duara kamili, na dereva atahisi breki ikipigapiga. Diski nayo huwa na kikomo cha unene kilichochorwa juu yake.

Breki shuu, pedi, sili za kalipa na bomba la mpira ni sharti viwe vipya, kwa sababu oili iliyonywewa na pedi haitoki kwa kusuguliwa msasa, na mpira huweza kuoza ndani kabla ya nje. Vivyo hivyo na mafuta ya breki, ambayo hufyonza unyevu wa hewa: kiwango cha DOT 3 huyataka yasichemke chini ya nyuzi 205 yakiwa mapya, lakini yakishalowa huweza kuchemka kwenye nyuzi 140, na povu la mvuke likiingia katika bomba, mkono wa breki hudidimia bila kushika kitu.

Fauka ya hayo, mali bila daftari hupotea bila habari: mnunuzi adai risiti yenye namba ya chasi ya pikipiki ilikotoka spea, asije akabebeshwa mali ya wizi. Na kabla hajaanza kupatana bei, ajumlishe gharama ya breki shuu mpya, sili na oili. Kinachosalia baada ya hesabu hiyo ndicho akiba ya kweli, na kama hakisalii kitu, basi spea mpya ndiyo iliyo rahisi.