Kusoma kwa Kujifurahisha na Kupatikana kwa Mwandishi wa Kiswahili Kandokando ya Ziwa Mweru

Mijadala ya kueneza Kiswahili kusini mwa Afrika imezoea kuhesabu wasemaji na walimu. Tangu SADC ilipokifanya lugha rasmi Agosti 2019, maswali yamekuwa yale yale: mtaala upi, mtihani upi, walimu kutoka wapi. Nani atakiandikia huko kinakoenea? Hilo haliulizwi, pengine kwa kudhani kwamba darasa likifunguliwa mwandishi atafuata mwenyewe. Historia ya fasihi ya Kiswahili haiungi mkono dhana hiyo.

Ushahidi mzuri ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake anafumbua fumbo la mauaji kwa hoja, huku rafiki yake Najum akibaki nyuma hatua moja. Aliyewahi kusoma visa vya Sherlock Holmes na Watson huwatambua mara moja. Ufundi wa kuficha habari, kuchelewesha jibu na kumpoteza msomaji njia bila kumdanganya haupatikani katika vitabu vya sarufi. Humwingia mtu aliyekesha na hadithi kwa sababu tu alitaka kujua nani aliyeua. Wahakiki wanaoiita athari hiyo uigaji na kuishia hapo wameona nusu ya jambo, kwani Abdulla alilichukua umbo la kigeni akalijaza Unguja, watu wake na usemi wao. Anayesomea mtihani hutafuta dhamira na wahusika; mwendo wa masimulizi humkaa yule aliyesoma kwa raha.

Hali ya Nchelenge inaonyesha uzito wa suala hili. Mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa wilayani humo kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Lugha hiyo haimo katika lugha saba za Kizambia zinazotambuliwa shuleni. Luapula hutumia Kibemba pamoja na Kiingereza. Hilo peke yake si hasara. Kibemba kina maandishi yake, na Mwata Kazembe wa 14, Shadrack Chinyanta, aliacha Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, historia ya Walunda wa bonde la Luapula. Hasara ni Kiswahili cha mtoto huyo kubaki cha mdomo tu, cha nyumbani na cha biashara ya samaki.

Tena nchi hiyo imo tayari katika maandishi ya Kiswahili. Tippu Tip, katika tawasifu yake, alisimulia vita vyake na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Ni masimulizi ya mshindi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na msomaji wa Mweru ana haki ya kuyakasirikia, hata kuyaandika upya kwa jicho la walioshambuliwa. Kwanza lakini ayapate, tena nje ya darasa.

Kwa washauri wa sera, suala hili ni la bajeti. Makasha ya riwaya za upelelezi na hadithi za picha, yawekwe mahali mtoto anapoweza kuazima bila kuulizwa maswali ya ufahamu, yanastahili fungu lake waziwazi kando ya vitabu vya kiada. Kwa sasa jambo hilo huachiwa wafadhili.