Mcheza Kwao na Watazamaji Wake

Wahenga walisema: mcheza kwao hutuzwa. Methali hii aghalabu hutajwa kwa ajili ya mchezaji. Ni mara chache kufikiriwa kwa upande wa mtazamaji. Lakini hawezi kutuza mtu asiyeuona mchezo. Ngoma ilichezwa uwanjani, penye macho ya wote. Mwenye kitu alituza, asiye nacho alishangilia, na wote wawili walihesabiwa kuwa wenye ngoma. Makala haya yanauliza kama televisheni, inapotuonyesha michezo moja kwa moja, imeuhifadhi uwanja huo au imeuzungushia ua.

Tuanze na historia. Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Wala haikuwa nayo mwaka 1980, Taifa Stars ilipocheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Nigeria. Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi, lakini kwa wananchi walio wengi mchezo wa mbali ulikuwa ni sauti ya redio na maneno ya gazeti. Ufukara huo ulikuwa na usawa wake: hakuna aliyeona, na redio moja chini ya mwembe iliwatosha watu ishirini.

Televisheni ilianza Bara mwaka 1994. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam, na king'amuzi kikawa kitu cha lazima. Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda mabao 3-0, ikarudi katika fainali za Afrika baada ya miaka 39. Sasa macho yaliweza kuona. Swali likawa ni macho ya nani.

Asiyeweza kulipia kifurushi cha mwezi huenda kibanda umiza. Hapo hutoa kiingilio kidogo na kubanana na wenzake kwenye mabenchi. Tusikidharau kibanda hicho, kwani waliomo wamejenga upya baraza lililobomolewa na bei. Hata hivyo, baraza hilo si la wote. Bibi kizee, mama mwenye mtoto mchanga, na msichana wa shule wakati wa usiku, hao hawana benchi pale. Nao pia ni Taifa.

Hapana budi tuwe waadilifu. Fedha za matangazo zimeunufaisha mpira wetu: mkataba wa miaka 10 uliotiwa saini mwaka 2021 baina ya TFF na Azam Media ulikuwa wa zaidi ya shilingi bilioni 225. Klabu haziendeshwi kwa vigelegele. Tena hicho tukiitacho bure si bure hasa. Televisheni ya umma hugharimiwa na kodi na matangazo ya biashara, kama kisima cha kijiji kinavyochimbwa kwa nguvu za wote. Kwa hiyo hatubishani kuhusu kulipa au kutolipa. Twabishania ni michezo gani ichotwe katika kisima cha wote, na ipi iuzwe sokoni.

Wenzetu wamelijibu swali hilo kwa sheria. Uingereza, kwa Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996, huweka orodha ya michezo isiyoruhusiwa kufungiwa katika vituo vya kulipia peke yake, ikiwamo Olimpiki na fainali za Kombe la Dunia la mpira. Uhindi, kwa sheria ya mwaka 2007, humtaka mwenye haki za michezo yenye umuhimu wa kitaifa ashirikiane na shirika la utangazaji la umma. Kriketi ya England yatufunza hatari ya kuachwa nje ya orodha. Mwaka 2005 England iliishinda Australia katika televisheni ya bure. Tangu mwaka uliofuata mechi zake kubwa za nyumbani zikahamia kituo cha kulipia. Ilipofika fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 14 Julai 2019, mwenye haki alikubali ionyeshwe bure. Ilikuwa hisani, na hisani yaweza kunyimwa kesho.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Ligi na iuzwe, ili klabu zipate kuishi. Lakini timu inayovaa rangi za bendera na kuimbiwa wimbo wa Taifa haichezi kwa niaba ya waliolipa tu. Kuiona ni haki, haifai kungojewa kama hisani.

Mwalimu aweza kulipeleka jambo hili darasani. Wanafunzi na waandike orodha yao fupi: ni michezo gani ambayo kila Mtanzania hana budi kuiona? Kisha wamtetee yule asiyekuwamo kibandani.