Ustadi wa Kigezo cha Lebo

Miongoni mwa sanaa ambazo wanadamu huzitungia sifa, sijapata kusikia ikitajwa ile ya kutengeneza vigezo vya lebo, wala sistaajabu, maana tunda la sanaa hiyo hubandikwa ubavuni mwa boksi, hutazamwa kwa nukta chache na karani wa forodha au mpakuzi wa shehena, kisha hutupwa jaani pamoja na boksi lenyewe. Lakini katika mji wa Mwanza, ambao sehemu kubwa ya riziki yake hutokana na vile unavyovipeleka mbali, kazi hii isiyo na washairi ina nasaba ndefu, na mtu aijuaye barabara anastahili kusifiwa hadharani walau mara moja.

Nasaba hiyo haikuanza na kompyuta. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kushukia Dar es Salaam. Na mwaka 1955, vyama vya wakulima vilipoungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, mkulima aliyezoea kuuza kwa mizani ya mwingine alianza kuuza kwa jina lake. Sasa basi, tofauti ya pamba safi na pamba fifi, ambayo macho huiona wazi katika lundo, hutoweka pamba ikisha kubanwa na kufungwa robota, kwa kuwa robota halimwambii mtu kitu ila kwa maandishi yaliyo juu yake. Ndiyo sababu biashara hiyo haikuwa na budi kutumia bati lililotobolewa herufi na tarakimu, ambalo mpakaji aliliweka juu ya gunia, akapitisha brashi yenye wino, na papo hapo rajamu ikasimama wima. Aliyelikata bati hilo kwa patasi aliwaazima khati yake watu asiowajua, hata wale ambao kalamu hawakuwahi kuishika, na mnunuzi wa ng'ambo hakuweza kupambanua ni mkono upi uliopaka.

Kigezo cha kompyuta ni mjukuu wa bati lile, ila dunia yake ina masharti mengi zaidi. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuja kuwa minofu ya kuuzwa Ulaya. Na Machi 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu kwamba baadhi yao walikuwa wakivuliwa kwa sumu, ilibainika kwa wenye viwanda wote kwamba mnofu usioweza kueleza asili yake hauna mtetezi. Lebo ya boksi moja la minofu hiyo hubeba jina la kitaalamu, Lates niloticus, na jina la biashara ambalo hubadilika kila mpaka unapovukwa: Mjerumani humwita Viktoriabarsch, Mholanzi victoriabaars, Mfaransa perche du Nil, na Mhispania perca del Nilo. Hubeba kadhalika jina la nchi na maji alimovuliwa, namba ya kibali cha kiwanda, namba ya bechi, uzito, tarehe, na agizo kwamba mzigo ulioganda usipate joto lipitalo nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kulitunga jambo hilo lote katika karatasi yenye upana wa kiganja si haba. Ila ustadi wenyewe hujulikana pale kigezo kinapotoka katika kompyuta kilimozaliwa na kwenda kukaa katika kompyuta ya ukumbi wa kufungashia, na ya chumba cha barafu, na ya karani wa usafirishaji. Huko ugenini kigezo hupatwa na misukosuko. Aina ya herufi iliyopendeza kwa mtengenezaji haimo katika mashine ya pili, nayo mashine, bila ya kuomba ruhusa, huweka nyingine iliyo pana zaidi, na namba ya kibali ikakatwa mkia. Kigezo kilichopimwa kwa nukta kwa ajili ya printa ya nukta 203 katika inchi, kikipelekwa kwenye printa ya nukta 300, husinyaa hadi kufikia takriban theluthi mbili ya kimo chake. Na lililo baya kuliko yote hayo ni lile lisiloonekana: 03/04 katika kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Uingereza ni tarehe 3 Aprili, na katika ile iliyopangwa kwa desturi ya Marekani ni tarehe 4 Machi, na lebo zote mbili zinapendeza sawasawa. Fundi mwenye hadhari huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, akaipa mashine amri moja isiyo na tafsiri ya pili.

Fauka ya hayo, huweka asili moja tu katika folda ya pamoja, ambayo wote huisoma na mmoja tu ndiye mwenye idhini ya kuibadili. Maana ofisi isiyo na asili hujikuta, baada ya muda, ina faili inayoitwa lebo mpya, na lebo mpya ya mwisho, na lebo ya mwisho kabisa, na hakuna mwenye kujua ipi kati ya hizo ina uzito sahihi. Hata hivyo siwasifu wale wanaofunga kila kitu kwa nywila. Mfanyakazi wa zamu ya usiku, aliyevaa glavu na vidole vimemfa ganzi, aachiwe nafasi ya bechi na ya uzito, na tarehe ya mwisho ijihesabu yenyewe. Akinyimwa hata hizo, atachukua makapeni na kuandika juu ya boksi, na kazi yote ya kigezo itakuwa imepita bure.

Sanaa hii haikai viwandani peke yake. Kina mama wanaofungasha dagaa waliokaushwa, wale wanaonunua mzigo wao katika soko la Mwaloni, Kirumba, hupata lebo zao kwa vijana wa steshenari, na kigezo cha mmoja husafiri ndani ya flashi hadi kwa wa pili na wa tatu, jina likabadilishwa na mchoro wa samaki ukabaki uleule. Mimi sioni aibu katika jambo hilo. Mchoro ni wa kuazimana. Kinachoudhi ni pale namba ya leseni ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ya mama wa kwanza inaposafiri pamoja na mchoro, ikamshuhudia mtu ambaye dagaa wake hawajapimwa na yeyote. Kijana mwaminifu huifuta kabla hajakitoa kigezo, na mahali pake huweka maneno ya kumkumbusha mteja. Nimewahi kuuona sokoni mfuko uliochapwa kwa herufi nzuri nyeusi, ANDIKA NAMBA HAPA, nao umepangwa kando ya mwenzake wenye namba ya kuazima; na kwa dagaa wa jioni ile niliununua mfuko ule wa kwanza.