Tufaha la McCay

Februari 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, ikiwa imekwisha kupita hapa Usinge katikati ya miombo. Mwezi huohuo, jukwaani Chicago, mchoraji Winsor McCay alisimama na mjeledi mbele ya pazia jeupe, akamwita dinosaria wa kike wa filamu yake ya katuni, aitwaye Gertie. Gertie, wino mtupu, akachomoza kichwa. McCay akamrushia tufaha. Kumbe amelificha kiganjani kama wafanyavyo watu wa mazingaombwe, na papo hapo tufaha la kuchorwa likaingia kinywani mwa mnyama. Mkono ungechelewa nukta moja, uongo ungeumbuka.

(Dinosaria hawakuwa wageni kwetu. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa yao kutoka Tendaguru hadi Lindi, na sisi wa njia ya misafara tunajua mzigo ni nini.)

Halafu ile kazi! Karatasi angavu za kuchorea zilikuwa bado hazijazoeleka, kwa hiyo mandhari yote ilichorwa upya kwa kila picha. McCay alimchora Gertie. Kijana John Fitzsimmons alinakili miamba na ziwa, karatasi baada ya karatasi, maelfu kwa maelfu. Ukiitazama filamu hiyo kwenye simu huku unangoja treni stesheni, mwache mnyama, kazia macho mwamba. Unatetemeka. Hakuna tetemeko la ardhi pale: ni mkono wa Fitzsimmons tu, maana hakuna mkono unaoweza kupita palepale mara elfu. Mimi naupenda mtetemo huo kuliko Gertie mwenyewe. Na mnyama anavyopumua? McCay alijipima pumzi zake kwa saa, ndipo akachora.

Mwishoni bwana huyo anaondoka jukwaani na kutokea ndani ya picha, naye sasa amechorwa, amebebwa na Gertie. Baadaye mbinu zikawa nyingi, ila ujasiri wa kuvuka mpaka ule kati ya mtu na mchoro sidhani kama uliongezeka.

Kwetu Afrika Mashariki, kati ya waliouvuka mpaka huo, namtaja Mkenya Ng'endo Mukii. Katika Yellow Fever ya 2012 alichanganya wacheza dansi wa kweli na michoro, akizungumzia mkorogo na ngozi zinazochubuliwa. Kamera peke yake ingemwanika mwanamke anayejichubua. Katuni peke yake ingemfanya kichekesho. Mukii aliviunga viwili hivyo, na anayetazama hapati pa kumcheka wala pa kumhukumu.